Kuangalia alama yako ya CRB bure: je, ina maana yoyote kwa mtu anayeuza mtandaoni?

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongee kuhusu herufi tatu ambazo zikitajwa tu mtu anashika mfuko: CRB.

Wengi wetu tunaouza mtandaoni, iwe ni nguo za watoto, viatu, vyombo, mafuta ya nywele au kava za simu, hatujawahi kukaa mbele ya afisa wa benki kuomba mkopo wa biashara. Mtaji tuliutoa kwa chama, kwa mshahara wa kazi ya mchana, kwa dada aliye Nairobi, au kwa Fuliza. Kwa hivyo ukimwambia mtu akaangalie alama yake ya mikopo, anakuuliza, "Ya nini? Mimi sina mkopo wa benki." Mwingine naye anaogopa hata kuangalia, eti akiangalia ataamsha waliolala. Leo nataka kuwajibu wote wawili.

Jibu fupi: ndiyo, unaweza kuangalia bila kulipa kitu. Na ndiyo, ina maana, lakini si kwa kila jambo, na si kwa namna watu wanavyoogopeshana mitaani. Naandika kuhusu Kenya kwa sababu ndiko ninakofanyia biashara. Wenzetu wa Tanzania, Benki Kuu yenu nayo imetoa leseni kwa kampuni za namna hii, ila taratibu ni zenu, kwa hivyo ulizeni huko kabla ya kufuata hatua za hapa.

KWANZA, KUWA CRB SI KOSA

Utasikia mtu akisema, "Mimi siko CRB, niko safi." Hapana. Kama umewahi kukopa kwa benki yoyote hapa Kenya, uko CRB. CRB ni kampuni zinazoweka kumbukumbu za mikopo ya watu, zimepewa leseni na Benki Kuu ya Kenya, na ziko tatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Benki hupeleka huko habari za wanaolipa vizuri na habari za wanaochelewa. Wote wanaandikwa.

Kinachoumiza ni kuwa na habari mbaya ndani ya kumbukumbu hiyo. Kwa kawaida mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa, unahesabiwa kuwa mkopo mbovu. Hapo ndipo watu husema "nimewekwa CRB". Usemi umezoeleka, lakini unafanya watu wadhani CRB ni jela. CRB ni daftari. Daftari la duka lina mwenye deni na lina aliyemaliza kulipa, si ndio?

Sasa wewe unayesema huna mkopo wa benki, nikuulize: Fuliza hutumii? M-Shwari? KCB M-Pesa? Hizo zote ni pesa za benki. M-Shwari ni ya NCBA, na nyuma ya Fuliza wamesimama NCBA na KCB. Simu ni mlango tu. Ukichukua Fuliza ya kumlipa mtu wa bodaboda halafu ukaitupa ile laini kwa sababu ulipata laini nyingine, deni halitupwi na laini. Liko kwenye nambari ya kitambulisho chako.

VITU VITATU AMBAVYO WATU WANACHANGANYA

Kabla hujatoa hata shilingi moja, jua unatafuta nini kati ya hivi vitatu.

Ripoti ya mikopo. Hii ni historia yenyewe: ulikopa wapi, lini, kiasi gani, umelipa vipi, nini kimebaki, na nani amewahi kuuliza habari zako. Hii ndiyo muhimu kuliko zote, na kila Mkenya ana haki ya kuipata bure angalau mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila kampuni. Kampuni ni tatu, kwa hivyo ni ripoti tatu za bure kwa mwaka.

Alama. Hii ni nambari moja inayotolewa kwenye historia hiyo. Kwa Metropol, kwa mfano, inaanzia 200 hadi 900, na ukiwa chini ya 400 maana yake una mkopo ulioshindwa kulipa. Kampuni zingine zina hesabu yao. Kwa hivyo usishtuke ukipata nambari moja hapa na nyingine pale. Kila mwalimu na kalamu yake.

Cheti cha CRB. Hii ni karatasi inayosema huna mkopo mbovu. Mara nyingi inaombwa na mwajiri, au kwenye maombi ya zabuni. Kanuni za mwaka 2020 zilisema cheti cha kwanza kitolewe bure kwa mtu anayekiomba kwa mara ya kwanza. Vinavyofuata hulipiwa. Kama huombi kazi wala zabuni, hukihitaji. Nimeona wauzaji wakilipia cheti kwa sababu tu walitaka kujua "wako wapi", na kumbe ripoti ya bure ingewaambia zaidi ya hapo.

NAMNA YA KUANGALIA

Njia ya uhakika ni kuingia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, au apu yake, ukajiandikisha kwa jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na barua pepe, halafu ukaomba ripoti yako ya mwaka. Metropol wana pia njia ya kubonyeza *433# kwenye simu, na TransUnion wana njia ya kutuma ujumbe mfupi kwenda 21272.

Hapo kwenye simu weka macho. Njia za kubonyeza na za ujumbe mfupi zinaweza kuwa na ada ndogo ya kujiandikisha. Si wizi, ni malipo ya huduma, lakini wewe unatafuta ya bure. Ukiona umeombwa pesa, rudi nyuma, uombe ripoti yako ya bure ya mwaka kupitia tovuti au barua pepe, na uandike wazi kwamba unaomba ile ya bure.

Mambo matatu ya kushika:

1. Hakuna CRB inayohitaji PIN yako ya M-Pesa ili kukupa ripoti. Ukiulizwa PIN na mtu anayejiita afisa wa CRB, kata simu.

2. Usitumie kiungo ulichotumiwa kwenye WhatsApp. Andika jina la kampuni mwenyewe.

3. Kujiangalia mwenyewe hakupunguzi alama. Ile hofu ya kuamsha waliolala haina msingi. Kinachoweza kukuharibia ni kuomba mkopo kwa apu sita ndani ya wiki moja, kwa sababu kila mkopeshaji anayekuchungulia anaacha alama za miguu kwenye ripoti, na anayekuja nyuma yao anaona huyu mtu anahangaika.

Ushauri wangu ni usiombe ripoti zote tatu siku moja. Omba moja Januari, nyingine Mei, nyingine Septemba. Hivyo unakuwa na jicho kwenye jina lako mwaka mzima na hujalipa chochote. Ile ya Septemba ndiyo ya maana zaidi kwetu. Kama kuna kosa, una wakati wa kulirekebisha kabla ya kukimbilia mzigo wa Disemba.

UKIIPATA, SOMA HIVI

Watu wengi wakipata ripoti wanatafuta nambari, wakiona ni kubwa wanafunga. Usifunge. Pitia haya:

Jina na kitambulisho ni vyako? Majina yanafanana sana huku kwetu. Nambari moja ya kitambulisho ikikosewa, deni la mtu wa Kitale linakaa kwa mtu wa Kilifi.

Mikopo yote unaikumbuka? Kama kuna mkopo usioujua, jiulize ni nani amewahi kushika simu yako na PIN. Sisi wauzaji tuna tabia moja: tunampa msaidizi simu ya biashara ajibu wateja na kupokea malipo, na PIN tumemwambia. Anaweza kukopa kwa jina lako ndani ya dakika mbili. Msaidizi aone ujumbe wa malipo, lakini PIN ibaki kichwani mwako.

Mikopo uliyolipa imeandikwa imelipwa? Hapa ndipo penye makosa mengi, na hapa niwape la kwangu.

Mwaka fulani nilichukua mkopo mdogo wa simu kununua mabeli mawili ya mitumba Gikomba. Niliulipa wote siku nne kabla ya tarehe, na ujumbe wa M-Pesa ninao. Miezi kadhaa baadaye nikaomba ripoti yangu ya bure, nikakuta mkopo uleule umeandikwa bado unadaiwa shilingi 1,340 na umechelewa. Mkopeshaji hakuwa amenipigia wala kunitumia ujumbe. Nilipowapigia, wa kwanza akaniambia nilipe tu hizo 1,340 "iishe", nitoke kwa orodha. Nilikataa. Hizo pesa ningeweza kuzipata, lakini kulipa deni nisilo nalo ni kukubali kwamba nilichelewa, na kuchelewa huko kungebaki kwenye historia yangu.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua taarifa ya M-Pesa ya mwezi ule, nikazungushia malipo yenyewe kwa kalamu. Nikaandika barua pepe moja fupi, nikaituma kwa mkopeshaji na kwa kampuni ya CRB kwa pamoja, nikitaja nambari ya mkopo, tarehe niliyolipa, na msimbo wa muamala. Nikaandika kwamba ninapinga habari hii na ninaomba ichunguzwe. Kampuni ya CRB ikishapokea malalamiko ya namna hiyo, ni wajibu wake kumuuliza mkopeshaji na kurekebisha kama kuna kosa. Mkopeshaji alipotakiwa kuthibitisha kwa maandishi, zile 1,340 zilipotea. Kumbe malipo yangu yalisomwa vibaya upande wao.

Mpaka leo nahifadhi kila ujumbe wa kumaliza mkopo. Simu ikijaa, ninafuta picha za bidhaa kwanza. Jumbe za malipo sigusi.

Jambo lingine la kujua: kabla habari mbaya haijapelekwa CRB, mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30. Na tangu Aprili 2020, deni lililo chini ya shilingi 1,000 halipaswi kukuweka kwenye orodha mbaya. Kama hukupewa notisi, au deni lenyewe ni la mia nane, taja hilo kwenye barua yako. Wakikuzungusha, malalamiko yanaweza kupelekwa Benki Kuu.

SASA, INA MAANA AU HAINA?

Nitasema ukweli, kwa sababu kuna watu wanaouza hofu na kuna wanaouza usingizi.

Haina maana kubwa hapa:

Kwa muuzaji wa jumla anayekupa mzigo kwa mali kauli. Yule mama wa Kamukunji anayekupa sufuria dazeni mbili ulipe Ijumaa hajui alama yako. Anajua Ijumaa zako zilizopita.

Kwa chama. Chama kinakujua kwa uso na kwa michango.

Kwa Hustler Fund. Hii ilianzishwa tarehe 30 Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi ni kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na ina alama zake yenyewe zinazopanda kadiri unavyolipa. Mtu aliyekuwa na jina baya CRB hakufungiwa mlango huo.

Kwa mteja wako. Hakuna mteja anayenunua gauni la 1,500 akauliza alama yako.

Ina maana hapa:

Kwa benki unapotaka mkopo wa kukua. Siku utakapotaka laki tatu za kufungua stoo, au za kuagiza mzigo moja kwa moja badala ya kununua Eastleigh, benki itafungua ripoti yako kabla haijafungua biashara yako.

Kwa bei ya mkopo. Hili watu wengi hawalijui. Kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019 sheria iliweka kikomo cha riba za benki, na mkopaji mzuri na mbaya walikuwa karibu bei moja. Kikomo kilipoondolewa, benki zikaanza kuelekea kwenye kumpa kila mtu riba kulingana na hatari yake. Kwa hivyo alama yako sasa inagusa zaidi ya "ndiyo" au "hapana". Inagusa pia "kwa shilingi ngapi".

Kwa viwango vya mikopo ya simu. Kiwango kikishuka ghafla na hujui kwa nini, ripoti ni mahali pa kwanza pa kuangalia.

Kwa sacco nyingi, hasa pale unapotaka mkopo mkubwa kuliko akiba yako, au unapotaka kumdhamini mwenzako.

Wacha nipige hesabu kidogo, tuone hii "bei" ni kiasi gani. Huu ni mfano wa karatasi, weka nambari zako. Tuseme unahitaji 20,000 ya mzigo, utaiuza na kurudisha ndani ya mwezi mmoja. Mkopo wa simu wa asilimia 9 kwa mwezi utakutoza 1,800. Mkopo wa benki wa asilimia 18 kwa mwaka ni asilimia moja na nusu kwa mwezi, yaani 300. Tofauti ni 1,500. Ukifanya hivyo mara sita kwa mwaka, umetoa 9,000 zaidi kwa mzigo uleule, wateja walewale. Hiyo 9,000 ni beli, au ni simu nzuri ya kupigia picha bidhaa. Benki itakuwa na ada zake pia, sawa, lakini hata ukizitia, pengo linabaki.

Hapo ndipo alama inapokuwa na maana kwa mfanyabiashara mdogo. Haikupi heshima mtaani. Inakupa ruhusa ya kukopa pesa za bei nafuu.

Lakini usiigeuze mungu mdogo. Alama ya 700 hailazimishi benki kukupa pesa kama huwezi kuonyesha mauzo. Inafungua mlango. Kinachokukalisha kwenye kiti ni taarifa zako za pesa.

WANAOUZA "KUSAFISHA JINA"

Hapa naomba usome polepole.

Kuna tangazo linazunguka: "Toka CRB leo, lipa 3,500 tu, jina linasafishwa ndani ya saa 24." Dada mmoja anayeuza mashuka aliniandikia akiwa karibu kutuma. Deni lenyewe lilikuwa 2,600. Yaani alikuwa anataka kulipa pesa zaidi ya deni, kwa mtu asiyemjua, na deni libaki palepale.

Hakuna wakala anayeweza kufuta habari ya kweli. Habari mbaya hubadilishwa na aliyeipeleka, yaani mkopeshaji, baada ya deni kulipwa au kosa kuthibitishwa. Na hata ukilipa leo, historia ya kwamba ulichelewa inaweza kukaa miaka mitano tangu siku uliyomaliza deni. Itaandikwa "imelipwa", na hiyo ni tofauti kubwa sana na "haijalipwa", lakini haifutiki kwa uchawi. Ndiyo maana kulipa mapema ni bora: saa ya miaka mitano inaanza siku ya kumaliza.

Na kupinga kosa ni bure. Unahitaji barua pepe na ushahidi, huhitaji wakala.

Kama deni ni la kweli na ni kubwa, zungumza na mkopeshaji mwenyewe. Waambie unaweza kulipa kiasi gani kwa wiki. Wakati mwingine kuna nafuu: Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kurekebisha mikopo midogo ya simu iliyokuwa imekwama, benki zikakubali kusamehe angalau nusu ya deni, hadi mwisho wa Mei 2023. Mpango huo umekwisha, usidanganywe kwamba bado upo, lakini unakufundisha kwamba mkopeshaji hupatana. Mkikubaliana, pata maandishi. Maneno ya simu hayana mgongo.

APU ZA MIKOPO NA WATEJA WAKO

Hili ni letu sisi tunaouza kwa simu. Simu yako ina wateja. Wengine mna wateja mia tano kwenye orodha moja. Apu ya mkopo ikiomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, inaomba duka lako zima. Siku ukichelewa, mteja wako wa Nakuru anapigiwa simu kuambiwa wewe ni mdaiwa. Utamuuzia nini tena?

Kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zinakataza jambo hilo: mkopeshaji haruhusiwi kuchukua majina ya watu kwenye simu yako ili kuwatumia ujumbe ukichelewa kulipa. Pia kila mkopeshaji wa aina hii anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kabla hujapakua apu yoyote, tafuta jina la kampuni kwenye orodha hiyo. Usipoliona, achana nayo, hata kama wanatoa haraka.

JENGA JINA BILA KUKIMBIA

Kama hujawahi kukopa kabisa, huna jina baya, lakini huna jina lolote pia. Benki haikuoni. Anza hivi:

Tenganisha pesa. Pokea malipo kwa Till ya Lipa na M-Pesa au Pochi la Biashara. Nambari yako ya kawaida iache kwa mambo ya nyumbani. Pesa ya unga na pesa ya viatu zikikaa pamoja, hata wewe hujui umeuza kiasi gani, sembuse benki.

Chukua taarifa ya M-Pesa kila baada ya miezi mitatu, kupitia *334# au apu, uiweke mahali. Ni kitabu chako cha hesabu ambacho hukukiandika wewe, kwa hivyo anayekukopesha anakiamini.

Kopa kidogo kwa sababu ya biashara, ulipe siku mbili tatu kabla. Mkopo mmoja mdogo uliolipwa vizuri unakujenga kuliko mitano inayopishana.

Usikope hapa ulipe pale. Ukianza kuchukua mkopo wa apu moja kulipa apu nyingine, simama. Hapo huna tatizo la alama. Una tatizo la faida, na dawa yake iko kwenye bei zako na matumizi yako.

Usimkopeshe mtu laini yako. "Nikopee tu kwa jina lako nitalipa Jumamosi." Jumamosi ni yake, jina ni lako.

Na kama una mkopo ambao huwezi kumaliza mwezi huu, usizime simu. Mpigie mkopeshaji kabla ya siku 90 hazijafika. Kabla ya hapo mnazungumza kama wafanyabiashara. Baada ya hapo mnazungumza kuhusu orodha.

KAZI YA WIKI HII

Chagua kampuni moja kati ya zile tatu. Omba ripoti yako ya bure. Isome yote, si nambari peke yake. Kama iko sawa, weka tarehe ya kuangalia nyingine baada ya miezi minne. Kama kuna kosa, andika barua leo, ukiambatisha ujumbe wa malipo. Kama kuna deni la kweli, andika kiasi chake kwenye karatasi na ulipange pamoja na bei ya mzigo ujao, kama gharama nyingine yoyote.

Na yule anayesema "mimi sihitaji benki, kwa nini nijisumbue?", sawa, leo huhitaji. Lakini mwenye kupokonywa kibanda, au kupata mteja wa jumla anayetaka pea mia mbili kwa wiki mbili, hakupanga siku hiyo. Siku hiyo ikifika, huna muda wa kuanza kubishana kuhusu 1,340 ya zamani.

Mtumie mwenzako anayeuza naye asome. Hasa yule anayepanga kutuma 3,500 ya kusafisha jina.